Bei Zinapopanda Kila Mwaka: Mwongozo Kamili wa Kulinda Kipato, Akiba na Fedha za Uzeeni

Ukificha 100,000 leo na bei zikawa zinapanda kwa asilimia 6 kila mwaka, miaka 20 baadaye utazikuta zote, hakuna hata moja iliyopungua. Ila zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 31,200 hivi. Kwa hesabu ya kichwani, gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei upate miaka ambayo thamani ya fedha itabaki nusu: kwa asilimia 6 ni miaka 12, kwa asilimia 9 ni miaka 8. Anayestaafu akiwa na miaka 60 akaishi hadi 85 ataona fedha zake zikikatwa nusu mara mbili, pengine mara tatu.

Ndiyo maana mwongozo huu unashikilia kanuni moja: hesabu kila kitu kwa thamani ya leo. Mshahara, deni, akiba, pensheni na faida ya uwekezaji, vyote vipimwe kwa vitakachoweza kununua. Mifano iliyomo humu haina jina la sarafu. Weka ya kwako na uongeze sufuri unavyohitaji.

Hatua ya 1: Tafuta mfumuko wa bei wa nyumba yako

Kiwango kinachotangazwa na ofisi ya takwimu ni wastani wa kapu la bidhaa na huduma za kaya nyingi. Nyumba yako ina kapu lake. Mwenye watoto wanaosoma anabanwa na ada, mpangaji anabanwa na kodi ya nyumba, mzee anabanwa na dawa. Kaya zenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho kwa chakula, hivyo chakula kikipanda huumia kuliko wastani unavyoonyesha.

Kusanya matumizi ya miezi mitatu: risiti, miamala ya simu, taarifa za benki. Yagawe katika makundi matano au sita, kisha andika kila kundi linachukua asilimia ngapi ya jumla na bei zake zimepanda kiasi gani tangu mwaka jana. Zidisha, halafu jumlisha. Tuseme chakula ni asilimia 35 ya matumizi na kimepanda kwa asilimia 14: mchango wake ni 4.9. Nyumba ni asilimia 30, imepanda kwa 5: mchango 1.5. Usafiri ni 15, umepanda kwa 10: mchango 1.5. Matibabu na masomo ni 10, yamepanda kwa 8: mchango 0.8. Mengineyo ni 10, yamepanda kwa 3: mchango 0.3. Jumla ni asilimia 9. Kama kiwango rasmi ni 6, wewe panga maisha yako kwa 9.

Unapolinganisha bei, linganisha kwa kilo, lita au kipande. Pakiti iliyopunguzwa ujazo huku bei ikibaki ileile ni ongezeko la bei, na wengi hawalioni.

Hatua ya 2: Kipato kwanza, kubana matumizi baadaye

Mafunzo mengi ya fedha huanza na kubana matumizi. Mimi naanza na kipato, kwa sababu kubana kuna mwisho. Ukishaondoa anasa, kinachobaki ni chakula, nyumba, nauli na dawa, na hivyo vinapanda bila kukuuliza.

Nyongeza ya mshahara ya asilimia 5 wakati mfumuko wako ni 9 ni punguzo. Gawanya 1.05 kwa 1.09: unapata 0.963, yaani mshahara wako halisi umeshuka kwa asilimia 3.7. Nenda kwa mwajiri na hesabu hiyo ikiwa imeandikwa, pamoja na orodha ya kazi ulizoongezewa na malipo ya wenzako wa kada yako mahali pengine. Kusema tu kwamba maisha yamepanda hakumsogezi mwajiri, maana hata yeye yamempandia. Kama nyongeza haiwezekani, omba kinachoweza kutolewa kwa njia nyingine: mchango mkubwa zaidi wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi, bima ya afya, au siku za kufanya kazi nyumbani ili nauli ipungue.

Aliyejiajiri ana kazi ngumu zaidi. Wengi huchelewa kupandisha bei kwa kuogopa kupoteza wateja, wakaendelea kuuza kwa bei ya mwaka jana huku wakinunua malighafi kwa bei ya mwaka huu. Pandisha kidogo kidogo mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja kwa kishindo. Katika mikataba mirefu weka kifungu kinachosema bei itarekebishwa kulingana na mfumuko rasmi wa bei.

Kwenye matumizi, shughulika na vitu vitatu vikubwa tu: nyumba, usafiri na madeni. Punguzo la asilimia 10 kwenye kodi ya nyumba linazidi mwaka mzima wa kujinyima vitu vidogo.

Hatua ya 3: Panga madeni kwa aina ya riba

Kuna msemo kwamba mfumuko wa bei ni rafiki wa mdaiwa. Historia inauunga mkono: Ujerumani mwaka 1923, madeni ya nyumba na mashamba yaliyeyuka pamoja na thamani ya sarafu, huku waliokuwa na akiba benki wakibaki mikono mitupu. Ila urafiki huo una masharti mawili. Riba iwe haibadiliki, na kipato chako kiwe kinapanda. Sharti moja likikosekana, deni linakula.

Benki kuu hupambana na mfumuko kwa kupandisha riba yake, na mikopo yenye riba inayobadilika hufuata. Mkopo wa 100,000 wa miaka 20 kwa asilimia 8 unalipwa 836 kwa mwezi. Riba ikifika 11, malipo yanakuwa 1,032. Hilo ni ongezeko la karibu robo, na mara nyingi linakuja mwaka uleule ambao kila kitu kingine kimepanda.

Orodhesha madeni yote na riba zake za kweli. Angalia kama riba inatozwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Mkopo wa mwaka mmoja unaotangazwa kwa asilimia 12, ukikokotolewa kwa mtindo huo wa pili na kulipwa kila mwezi, una riba ya kweli ya karibu asilimia 21 kwa mwaka. Mikopo midogo ya simu inayotoza asilimia kadhaa kwa mwezi mmoja ni mibaya zaidi.

Kisha lipa kwa mpangilio huu: mikopo ya riba kubwa kwanza, halafu ile yenye riba inayobadilika. Mkopo wa riba isiyobadilika iliyo chini ya mfumuko wako wa bei, ulipe polepole kama mkataba unavyosema, usiuharakishe. Kumaliza deni la asilimia 24 ni faida ya uhakika ya asilimia 24, na hakuna uwekezaji halali unaokuahidi hivyo kwa uhakika.

Hatua ya 4: Akiba ya dharura ihesabiwe kwa miezi

Usiseme una akiba ya 5,000. Sema una akiba ya miezi mitano. Mwakani, 5,000 zilezile zinaweza kuwa miezi minne na nusu, na hutagundua hadi siku ya shida. Miezi mitatu hadi sita inatosha kwa mwenye ajira ya kudumu. Aliyejiajiri au anayelea familia peke yake alenge tisa. Piga hesabu upya kila baada ya miezi sita.

Iweke mahali inapopatikana ndani ya siku chache na inapopata riba yoyote: akaunti ya akiba, mfuko wa uwekezaji wa muda mfupi unaolipa haraka, au dhamana za serikali za muda mfupi (yaani fedha unazoikopesha serikali kwa riba) zilizopangwa ziive kwa kupishana. Itashindwa kidogo na mfumuko, na hiyo ni sawa. Fedha hii ipo ili usilazimike kukopa kwa riba kubwa au kuuza hisa siku ambayo bei zake zimeanguka.

Pitia na bima zako. Nyumba iliyokatiwa bima kwa gharama ya ujenzi ya miaka saba iliyopita ikiungua leo, fidia haitafika kwenye paa.

Hatua ya 5: Kokotoa lengo la kustaafu kwa thamani ya leo

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu hujaribu kubashiri bei za miaka 20 ijayo. Achana na ubashiri. Uliza swali jepesi: kama ningestaafu kesho, ningehitaji kiasi gani kwa mwaka?

Tuseme sasa unatumia 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Ukistaafu, nauli ya kazini, ada na marejesho ya mkopo vitaondoka, matibabu yataongezeka. Chukua asilimia 80: 9,600. Pensheni itakupa 4,000 kwa mwaka. Pengo ni 5,600, nalo ndilo utakalojaza kutoka kwenye akiba yako.

Zidisha pengo kwa 25: unapata 140,000. Kizidisho hicho kinatokana na kazi ya mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, ya mwaka 1994. Alipima takwimu za hisa na hatifungani (mikopo ya muda mrefu ambayo serikali au kampuni huchukua kwa wawekezaji) za nchi yake na kuona kwamba mstaafu anayetoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha kuongeza kiasi hicho kwa mfumuko wa bei kila mwaka, hakuishiwa ndani ya miaka 30. Kumbuka kwamba ni takwimu za soko moja, tena lililofanikiwa sana. Anayestaafu mapema, au anayeishi kwenye uchumi wenye mfumuko mkali, azidishe kwa 30 hadi 33.

Sasa tafuta mchango wako. Hapa unahitaji faida halisi, yaani faida iliyobaki baada ya kodi, ada na mfumuko. Kwa mfano, amana inayolipa asilimia 9, kodi ya riba ikiwa asilimia 15, inakuachia 7.65. Mfumuko ukiwa 7, gawanya 1.0765 kwa 1.07. Faida halisi ni asilimia 0.6 tu. Njia hii ya kukokotoa inahusishwa na mwanauchumi Irving Fisher, na inafaa kuandikwa ukutani.

Tukichukua faida halisi ya asilimia 3, kila 1 unayochangia kila mwaka inakuwa 11.5 baada ya miaka 10, 26.9 baada ya miaka 20, na 47.6 baada ya miaka 30. Kila 1 uliyo nayo tayari inakuwa 1.34, 1.81 au 2.43 kwa vipindi hivyo. Mwenye akiba ya 50,000 na miaka 20 mbele yake atakuwa na 90,300. Zinabaki 49,700, gawanya kwa 26.9, unapata karibu 1,850 kwa mwaka, au 154 kwa mwezi. Asiye na akiba yoyote atahitaji 434 kwa mwezi kwa miaka 20, lakini 245 tu kama ana miaka 30.

Rudia hesabu kwa faida halisi ya asilimia 1. Yule mwenye 50,000 sasa anahitaji karibu 300 kwa mwezi, mara mbili hivi ya mwanzo. Asilimia 2 ndizo zilizoleta tofauti hiyo, na kuna mifuko ya uwekezaji inayotoza asilimia 2 kwa mwaka kama ada ya usimamizi. Soma waraka wa ada kabla ya kusoma tangazo la faida.

Kisha jambo ambalo husahaulika kuliko yote: ile 154 ni ya thamani ya leo, kwa hiyo lazima ipande kila mwaka sawa na bei. Ukiweka agizo la benki la 154 na kulisahau kwa miaka 20 ya mfumuko wa asilimia 6, michango yako itakusanya 32,000 tu kwa thamani ya leo badala ya karibu 50,000. Mara nyongeza ya mshahara inapoingia, badilisha agizo hilo siku hiyohiyo, kabla matumizi hayajaizoea.

Na kama mwajiri anachangia kulingana na unachochangia wewe, usipunguze mchango huo hata mambo yakibana. Ni sehemu ya mshahara wako.

Hatua ya 6: Mahali pa kuweka fedha

Hakuna chombo kimoja kinachoshinda mfumuko kila wakati. Kila kimoja kina mwaka wake mbaya.

Hisa za kampuni nyingi kwa pamoja, hasa kupitia mifuko ya uwekezaji ya ada ndogo, ndizo zenye rekodi nzuri zaidi kwa miaka 15 na kuendelea, kwa sababu kampuni zinazoweza kupandisha bei za bidhaa zao huhamishia gharama kwa mteja. Kwa mwaka mmoja au miwili hali ni tofauti. Mfumuko wa ghafla hupandisha riba na kuangusha bei za hisa. Fedha utakazohitaji ndani ya miaka mitano zisikae huko.

Hatifungani huhesabiwa na wengi kuwa salama, na kweli serikali inalipa riba yake kwa ratiba. Ila hatifungani ya miaka 10 inayolipa asilimia 5, riba za soko zikipanda hadi 8, bei yake inashuka kutoka 100 hadi 80 hivi. Ukiishikilia hadi iive utarudishiwa 100 zako, zikiwa zimedhoofishwa na miaka 10 ya mfumuko. Bei zinapopanda kwa kasi, pendelea muda mfupi, wa mwaka hadi mitatu, ili kila inapoiva uwekeze kwa riba mpya. Mfumuko unapoanza kushuka na riba bado ziko juu, hapo ndipo muda mrefu unapofaa.

Baadhi ya serikali hutoa hatifungani ambazo mtaji wake hupanda pamoja na fahirisi ya bei, yaani kipimo rasmi cha kupanda kwa bei. Uingereza ilianza mwaka 1981, Marekani mwaka 1997. Zikiwepo unapoishi, ni kinga ya moja kwa moja kwa mstaafu, mradi muda wake ulingane na mahitaji yako. Mwaka 2022, mfumuko wa Uingereza ulipofika asilimia 11.1 mwezi Oktoba, hatifungani hizohizo za muda mrefu zilianguka bei vibaya kwa sababu riba zilipanda. Aliyezishika hadi ziive hakuguswa. Aliyelazimika kuuza aliumia.

Dhahabu ina wapenzi wake. Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850 hivi. Mwaka 2000 ilikuwa chini ya dola 300, huku bei za vitu vingine zikiwa zimeongezeka maradufu. Sehemu ndogo ya mali, asilimia 5 au 10, haina ubaya. Zaidi ya hapo ni kamari. Nyumba ya kupangisha hufuata mfumuko vizuri kwa muda mrefu, lakini toa ukarabati, kodi ya serikali na miezi isiyo na mpangaji kabla ya kuita kodi ya pango faida.

Bei zikipanda, matapeli nao hupanda. Mwaka 1920 Charles Ponzi aliwaahidi watu wa Boston asilimia 50 kwa siku 45, na mchezo wake haujabadilika, umehamia tu kwenye simu. Anayekuahidi faida kubwa isiyoyumba, muulize nani anamsimamia kisheria, kisha hakikisha kwa msimamizi mwenyewe.

Hatua ya 7: Miaka mitano kabla ya kustaafu na mitano baada yake

Hasara ya mwaka wa kwanza wa kustaafu ni mbaya kuliko hasara ileile ikija baadaye. Wawili wana 100,000 kila mmoja na wanatoa 6,000 mwanzoni mwa kila mwaka. Wa kwanza anapata hasara ya asilimia 20, kisha faida ya 5, kisha faida ya 30. Wa pili anapata mambo hayohayo kinyume. Baada ya miaka mitatu wa kwanza ana 86,700, wa pili ana 92,800. Bila kutoa chochote wangekuwa sawa. Katika takwimu za Bengen, waliopata shida zaidi ni waliostaafu mwishoni mwa miaka ya 1960: walikutana na anguko la hisa la 1973 na 1974, kisha mfumuko uliofika asilimia 13.5 mwaka 1980.

Kwa hiyo, miaka mitano kabla ya siku ya kustaafu, anza kutenga pengo la miaka miwili hadi mitatu kwenye dhamana za muda mfupi. Kwa mfano wetu ni 11,200 hadi 16,800. Soko likianguka, utaishi kwa fedha hizo bila kuuza hisa kwa hasara. Hisa zibaki, usiziuze zote. Miaka 25 ya uzee ni mirefu.

Uliza mfuko wako wa pensheni maswali haya, na utake majibu kwa maandishi. Je, pensheni hupandishwa kulingana na bei, au ni hadi uamuzi utolewe? Nikichelewa kustaafu mwaka mmoja inaongezeka kiasi gani? Nikifariki mwenza wangu anapata nini? Mkupuo, yaani fedha inayolipwa yote kwa mara moja, ni kiasi gani, na kwa kila sehemu ninayochukua pensheni ya mwezi inapungua kiasi gani?

Pensheni isiyopandishwa ya 1,000 kwa mwezi, kwa mfumuko wa asilimia 6, inanunua vitu vya 417 baada ya miaka 15. Ikiwa ndiyo uliyonayo, lengo lako la akiba liongezwe. Ikiwa pensheni inafuata bei kisheria, fikiria mara tatu kabla ya kuibadilisha kwa mkupuo, kwani kinga ya mfumuko ya maisha yote ni ghali mno kuinunua mwenyewe. Mkupuo ukiingia, uache kwenye dhamana fupi kwa miezi sita. Biashara mpya inayoanzishwa mwezi wa kwanza wa kustaafu, na mtu ambaye hajawahi kuifanya, humaliza kiinua mgongo haraka kuliko mfumuko wowote.

Ukishaanza kutoa fedha, tumia kanuni inayoyumba kidogo. Mwaka ambao uwekezaji umepata hasara, usiongeze kiasi unachotoa hata kama bei zimepanda. Kama kiasi unachotoa kimezidi asilimia 5 ya salio, kipunguze kwa sehemu ya kumi hadi hali irudi.

Hatua ya 8: Siku moja ya hesabu kila mwaka

Chagua tarehe, ikiwezekana mwezi ambao mshahara au pensheni hurekebishwa. Kwenye karatasi moja andika mfumuko wako wa mwaka, ongezeko la kipato, riba ya kila deni, akiba ya dharura kwa miezi, lengo la kustaafu lililopandishwa kwa mfumuko, salio lililopo, na mchango mpya wa mwezi. Chini yake andika majina ya wanufaika kwenye kila akaunti, mfuko na bima, kisha mwonyeshe mwenza au mtoto unayemwamini karatasi hiyo inapokaa.